Mjadala: Jina la ADD lirudi, au ADHD inatosha?

Wakuu, naleta hoja. Tangu 1987 madaktari wa akili wa Marekani, kwenye DSM, mwongozo wao wa kutambua magonjwa ya akili, wanatumia jina la ADHD kwa hali ya mtu kushindwa kuzingatia au kutulia, na hiyo H ni ya utukutu, mwili usiotulia. Mimi nasema jina hili linawaacha nje watoto wapole. ADD, jina la hali hiyohiyo kwenye DSM ya 1980, ilikuwa bora: kulikuwa na yenye utukutu na isiyo na utukutu, kila mtu na lake.

Mtazameni binti wa darasa la tano aliyekaa dirishani. Hasumbui mtu. Mwalimu anasoma imla. Sentensi ya kwanza kaiandika, ya pili nusu, ya tatu hayupo. Daftari kalisahau nyumbani. Ripoti inakuja: "Aongeze bidii." Mwambie mama yake huenda ana ADHD, atakucheka. Kaka yake anayepanda madawati alishapelekwa hospitali zamani.

Najua mtasema aina zipo. Kweli, DSM ya 1994 iliweka tatu: ya kutozingatia, ya utukutu na pupa, na ya mseto. Nani mtaani anaijua hiyo ya kwanza?

Mchangiaji wa pili: Mkuu, umeruka sababu. Mtoto habaki palepale. Akiwa na miaka 6 anaruka kutwa. Akifika 15 kuruka kumepungua, kumebaki kusahau na kuacha kazi njiani. Utampa ugonjwa mpya? Ndiyo maana DSM ya 2013 imeacha kusema aina, inasema sura, na sura hubadilika. Huyo binti akiwa na dalili sita kati ya tisa za kutozingatia, zimedumu miezi sita, zinaonekana nyumbani na shuleni na zinamkwamisha, anahesabiwa bila kupanda dawati hata moja.

Mleta hoja: Vigezo sivikatai, ila anavisoma daktari. Mzazi anakutana na jina kwanza, na hapo ndipo anapoamua kwenda au kutokwenda.

Mwalimu: WHO, Shirika la Afya Duniani, nao walikuwa na jina lao kwenye ICD-10, orodha yao ya magonjwa, limeegemea utukutu. Toleo lililofuata, ICD-11, lililoanza kutumika 2022, ndilo limekubali ADHD. Vitabu vimepatana juzi tu, mnataka kuvitenganisha tena! Kwetu shuleni fomu ya kumpeleka mtoto kwa mshauri ina kisanduku cha "msumbufu". Cha "anazubaa" hakuna. Nimeomba kiongezwe, naambiwa fomu zilishachapwa.