Hivi DJ anayepiga nyimbo za watu anatajirikaje? Huyu Black Coffee wa Sauzi kaniletea balaa nyumbani

mzee_wa_tandika

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada maana nyumbani hakukaliki. Nina mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuo, anasoma uhasibu, ada nalipa mimi. Likizo hii karudi na kontrola ya DJ, ile mashine ya kuchanganyia nyimbo, kanunua sijui kwa hela gani, na anasema muhula ujao harudi, anataka kuwa DJ na prodyuza wa house, ule muziki wa kielektroniki wa kudansi. Sio bongofleva, sio hata amapiano, house. Ukimuuliza utakula nini anakwambia Black Coffee. Ukimwambia kodi je, Black Coffee. Mama kashaanza kuniuliza pembeni huyo mtu ni nani, ni nabii au mganga.

Juzi nikakaa nikamwangalia YouTube huyo jamaa. Saa nzima ngoma inazunguka palepale, haongei, hashiki maiki, hapigi kelele, mkono mmoja kauweka mfukoni kama mtu anasubiri daladala. Na watu wamejaa mpaka huoni mwisho, wazungu watupu!

Sasa mimi sio mtu wa muziki, naomba mnieleweshe taratibu. Nyimbo anazopiga si za watu? Sasa yeye analipwa kwa lipi? Na ametokaje Afrika hapa mpaka huko? Nataka nikikaa na dogo niongee kitu ninachokijua, maana saiv ananiona mshamba tu.

kanda_ya_tisini

Mkuu kwanza huo mkono mfukoni sio swaga, haufanyi kazi. Jina lake Nkosinathi Maphumulo, kazaliwa Umlazi, Durban, 1976, akakulia Mthatha. Februari 1990 Mandela anaachiwa, watu wamejaa barabarani wanasherehekea, gari likaparamia umati, na yeye yumo humo ana miaka 13. Mishipa ya fahamu ya mkono wa kushoto ikaharibika moja kwa moja. Miaka na miaka alikuwa anauficha mfukoni hivyohivyo, mashabiki wake kibao walikuwa hawajui kabisa. Kwahiyo kila unachokiona pale anakifanya kwa mkono mmoja.

Sasa kuhusu swali lako, tatizo mnachanganya kazi mbili. Kuna DJ, huyu anachagua nyimbo na kuziunganisha, analipwa kwa usiku. Halafu kuna prodyuza, huyu anatengeneza wimbo wenyewe. Kwenye house hawa wawili mara nyingi ni mtu mmoja, na huyu wa pili ndo anamlisha wa kwanza. Promota wa Berlin hakuiti kwasababu unajua kuunganisha nyimbo, wanaojua wamejaa mtaani kwake. Anakuita kwasababu una wimbo ambao watu wake wanaujua na wanataka kukuona wewe mwenyewe ukiupiga.

Na Black Coffee alianza huku kwenye kutengeneza mapema sana. Tena mwambie dogo hili, jamaa shule hakuikimbia, muziki wenyewe aliusomea, alisoma jazz chuo cha Technikon Natal pale Durban. Akawa na kundi linaitwa Shana na wenzake wawili, kuimba kabisa, hawakutoboa sana. 2003 akachaguliwa kwenye Red Bull Music Academy, mafunzo ya wanamuziki chipukizi, ilipofanyika Cape Town. 2005 ndo akatoa albamu ya kwanza, na humo ndani kuna remiksi ya Stimela ya Hugh Masekela, yule mpiga tarumbeta wa Sauzi. Stimela kwa asiyeijua ni wimbo wa treni linalobeba wanaume kutoka kila pembe ya kusini mwa Afrika kwenda kuchimba migodi ya Johannesburg, wazee wakiusikia wanatulia. Yeye akauwekea biti ya house bila kuuvuruga, akina baba wakaukubali na vijana wakaucheza. Mi naona hapo ndo alipojulikana kuwa ana sikio.

Lebo, yani kampuni ya kutoa nyimbo, akafungua ya kwake, Soulistic Music. Sio kwamba alimpelekea mtu nyimbo akasubiri simu, hapana, nyimbo zake zikatoka kwake na akatoa na za wengine, akina Culoe De Song na Bucie. Albamu ikafuata nyingine na nyingine, 2007, 2009, mpaka Subconsciously ya 2021 ambayo humo kuna Usher, Pharrell, David Guetta. Hiyo ndo ilimpa Grammy ya muziki wa dansi wa kielektroniki Aprili 2022. Hesabu mwenyewe, albamu ya kwanza 2005, Grammy 2022. Miaka 17. Muulize dogo kama akiba yake inafika huko.

kifaru_wa_makambako

Mnamdanganya mzee wa watu. Hamjasema kitu kikubwa kuliko vyote, jamaa ni wa Sauzi. Sauzi house sio muziki wa klabu ya matajiri, ni muziki wa taksi, yani daladala zao, wa kitchen party, wa redio asubuhi. Kwaito yenyewe, muziki wa vijana wa Sauzi wa miaka ya 90, ilitokana na house iliyopunguzwa spidi. Yani kabla Ulaya haijamjua tayari alikuwa na nchi nzima inayomlipa kila wikiendi. 2010 alipiga masaa 60 pale Maponya Mall, Soweto. Mall mkuu, siyo klabu, wamama wana mifuko ya shopping wanapita wanamkuta bado anapiga, wanarudi kesho yake yupo.

Sasa weka house hapa baa yoyote Makambako saa nne usiku uone. Dakika ya tatu mtu anakufuata na bia yake anakwambia DJ tuwekee muziki.

dj_wa_sendoff

Hahaha kifaru umenichekesha ila ni kweli, hiyo ya "tuwekee muziki" nimeambiwa sana.

Mi nafanya hii kazi, send-off, harusi, kipaimara, na klabu nikiitwa. Naomba niongelee mkono kwanza maana watu wanapita juu juu. Ukiwa na deki mbili, yani mashine mbili za kupigia nyimbo, wimbo mmoja unaisha mwingine unaingia, besi za nyimbo mbili haziwezi kukaa pamoja, zinagombana, spika zinanguruma hovyo. Kwahiyo sisi tunashika kitufe cha besi cha huku kwa mkono wa kushoto na cha huku kwa wa kulia, moja unashusha nyingine unapandisha palepale, sekunde ileile. Yeye hana huo mkono wa pili. Lazima ashushe hii, aiache, ndo ahamie ile. Hapo katikati kuna pengo, na pengo DJ mwingine angelitolea jasho. Yeye analifanya ndo utamu wenyewe, besi inatoka, ukumbi unabaki hewani kidogo, watu wanaanza kupiga miluzi, halafu inarudi. Na mashine za sasa unaweza kuandaa alama za kuanzia wimbo kabla hata hujapanda jukwaani, spidi inasoma kwenye kioo. Ila kusikiliza hedifoni, kurekebisha spidi, kuzungusha besi, vyote kwa mkono mmoja, usiku kucha? Jaribuni.

Haya pesa sasa. Mzee wa tandika, DJ wa bongo anakula kwenye sherehe, sio klabu. Klabu inakupa jina, harusi inakupa kodi ya nyumba. Kuna klabu moja nilipiga miezi mingi tu, kila mwisho wa mwezi "meneja kasafiri", mpaka nikaacha na spika zangu nikazifuata mchana wakati wanafagia. Tangu hapo nusu inaingia mbele kwenye simu kabla sijapakia vyombo, awe mjomba awe nani. Dogo ajifunze hilo kabla ya kujifunza besi.

ronga_254

Niaje wasee wa bongo. Mimi niko Rongai, natengenezanga biti, nikae kwa swali la doh, pesa, tu.

Kuna ngoma ya Black Coffee inaitwa Superman, aliimba Bucie, iko kwa albamu ya 2009. Ilivuma Sauzi, ikazunguka zunguka, watu wakasonga mbele. 2017 Drake wa Canada anatoa More Life, ndani kuna Get It Together, ameimba na Jorja Smith, na ukiskiza ni Superman tu imevalishwa nguo mpya, na jina la Black Coffee limeandikwa hapo. Miaka nane hiyo buda! Wimbo ulikuwa umelala, ukaamkia kwa nyumba ya Drake. Sasa fikiria kama angekuwa ameuza hiyo biti kwa mtu 2009 kwa pesa ya haraka bila karatasi. Angeskia kwa redio kama sisi.

Hapo ndio vijana wetu huanguka. Unapatana na msanii studio, mnapiga ngoma usiku mmoja, hakuna mtu anaandika nani amefanya nini na asilimia ngapi, ngoma ikishika mnaanza kutukanana Instagram. Mwambie huyo kijana siku ya kurekodi ndio siku ya kuandikiana. Hata kama ni kwa WhatsApp, mradi majina yako na hesabu iko.

Na akidhani atakula kwa kuweka mix YouTube asahau. Ukipiga nyimbo za watu mle, matangazo yanalipa mwenye wimbo, ama video inafungwa kabisa. Mix ni ya kukutangaza tu.

mburahati_moto

Nyie wote mnaongelea Sauzi na Ulaya utadhani hapa Dar hakuna muziki wa kielektroniki. Singeli ni nini? Laptop, programu za FL Studio na Virtual DJ, biti mpaka 200 na zaidi kwa dakika wakati house inatembea kwenye 120 hivi. Imetoka kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, vijana walichukua vipande vya ala za taarab wakavikimbiza, MC akapanda juu yake. Studio ya Sisso iko Mburahati hapa. 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, baada ya hapo akina Bamba Pana, Jay Mitta, Sisso, Duke wakaanza kuitwa matamasha ya Ulaya, na huko mzungu haelewi hata neno moja la MC lakini anaruka.

Angalia walichofanya. Hawakujifanya watu wa Berlin. Walipeleka kitu ambacho Berlin hakipo. Black Coffee ni hivyohivyo, ile ngoma yake ukiisikiliza vizuri ina sauti za nyumbani kwao, ndo maana haifanani na ya DJ wa Uholanzi. Sasa dogo wako anatengeneza house ya wapi? Kama anaiga house ya Durban akiwa Tandika, Durban ipo na inafanya vizuri zaidi yake. Kuna ngoma za Wazaramo hapo nje kila Jumamosi, kuna mdundiko, achukue simu akarekodi. Hiyo ni bure.

kanda_ya_tisini

Mburahati hapo umeua. Na huko Ulaya nako watu wasielewe vibaya, sio kwamba alienda kupiga mara moja Ibiza, kile kisiwa cha Hispania chenye klabu kubwa, akarudi na picha. Amekuwa na siku yake, Jumamosi, pale klabu ya Hï Ibiza, kiangazi kizima, msimu baada ya msimu. Ni ajira kabisa. Msimu ukiisha kuna Marekani, Oktoba 2023 alipiga ukumbi mkubwa wa Madison Square Garden, New York. Lakini hayo maisha ya ndege sio mchezo, Januari 2024 aliumia ndani ya ndege akielekea shoo Argentina, akalazwa. Kila wikiendi uwanja wa ndege, usingizi mchana, besi usiku.

mzee_wa_tandika

Wakuu nimewasoma wote, shukrani sana. Nimekaa na dogo jana baada ya kula. Nilipomwambia mambo ya Superman na Drake akashtuka, akaniuliza "bro umeyajulia wapi?" Heshima imerudi kidogo ndani ya nyumba.

Nilimuuliza ana nyimbo ngapi zake mwenyewe zilizoisha. Akakaa kimya, akasema anazo nyingi ila hazijaisha. Nikamwambia basi hiyo kazi ya kuzimaliza inafanyika hata ukiwa mwanafunzi, na kama Black Coffee kasoma jazz na wewe maliza uhasibu, mkataba wako utausoma mwenyewe. Kakubali kurudi kwa sharti moja, kontrola iende naye hosteli. Sasa nataka kujua, hiyo inawezekana au atafukuzwa wiki ya kwanza?

dj_wa_sendoff

Inawezekana mzee. Spika abaki nazo mama, dogo aende na hedifoni tu, nzuri ya waya, asinunue zile za bluetooth maana sauti inachelewa na hawezi kuunganisha kitu. Na semista hii kukiwa na bash la chuo mwambie anicheki inbox, nahitaji mtu wa kunishikia deki nikienda kula.