Tupeane uzoefu: gari la mzigo la haibridi kugoma kwenye baridi

Mzigo wa Mwaloni
Mwangaluka wadau. Jana nimemwona kijana pale Mwaloni Kirumba anapakia dagaa kwenye tani tatu ya haibridi (injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme), safari ya Njombe, mwezi wa saba huu. Nikakumbuka yaliyonipata.

Gari langu lilikaa Mwanza miaka miwili bila kunisumbua. Nikashusha dagaa Njombe mjini, nikalala humo humo ndani, asubuhi nipakie viazi. Saa kumi na moja alfajiri ukungu umetanda, kioo kimelowa ndani na nje. Nawasha: taa za dashibodi zinawaka kinyonge, kitu kinagonga tk-tk-tk, kisha giza. Ile alama ya gari kuwa tayari haikuja. Mwenye viazi amesimama na magunia yake, vibarua wanataka hela yao. Wakaja mafundi watatu, wote neno moja: betri kubwa, ile ya mota ya umeme, imekufa, andaa mamilioni. Nilikaa juu ya tairi la akiba nikalia, siwafichi. Mkopo wa gari lenyewe nilikuwa sijamaliza.

Wa nne alikuwa mzee mmoja, hana maneno mengi. Akapima betri ndogo, ile ya kawaida: volti 11.8. Vichwa vyake vimejaa unga mweupe kama chumvi. Akavimwagia maji ya moto, akasugua kwa brashi ya waya, akaazima betri nyingine. Gari likaamka. Betri kubwa ilikuwa nzima kabisa, ila bila ile ndogo kuuamsha mfumo, haiunganishwi.

Nani mwingine yamemkuta?

Utingo wa Zamani
Mafinga nako hivyo hivyo. Juni na Julai usiombe.

Nyakahoja
Pole, ila mlishaambiwa haibridi ni gari za mjini. Mzigo ni dizeli tupu.

Mzigo wa Mwaloni
Ndugu yangu, hata dizeli yako inaamshwa na betri. Na mafuta ninayookoa mimi ndiyo yanasomesha watoto.

Nyakahoja
Mbona ulilia sasa?

Fundi Nyakato
Acheni hayo. Baridi haikuiua betri ile, joto letu ndilo lililoimaliza taratibu. Betri ya asidi, yaani hiyo ndogo, huzeeka haraka kwenye joto, lakini joto hilo hilo linaisaidia kuwasha gari hata ikiwa imechoka, kwa hiyo huku haisemi. Ukipanda nyanda za juu, kemikali inafanya kazi polepole, ugonjwa unajitokeza. Kwenye nyuzi sifuri inapoteza kama theluthi ya nguvu.

Ile kubwa nayo ina mambo yake. Hino Dutro Hybrid iliyotoka 2003 inatumia betri ya nikeli, Canter Eco Hybrid ya 2006 ni lithiamu. Zote baridi huzipunguzia nguvu, zikipata joto zinarudi. Msikimbilie kuifungua. Nyaya za rangi ya chungwa zina mamia ya volti, zinaua.

Mama Sangara wa Igombe
Mmenitonesha kidonda. Dereva wangu gari lilimzimikia Makambako usiku, kigari cha haibridi, nyuma kuna kilo 300 za sangara kwenye barafu. Akasimamisha semi ya mbao wambusti, yaani wamwashie kwa betri yao. Semi ni volti 24, la kwangu 12. Anasema taa zote ziliwaka kama mchana, kisha harufu ya plastiki. Kompyuta ikaungua. Siku mbili barafu inachuruzika barabarani na mimi niko Mwanza nashika simu tu. Wale samaki walifukiwa. Nilianza upya na ndoo tatu za dagaa za kukopa.

Utingo wa Zamani
Dah. Pole sana mama.

Binti Kamanga
Kilo 300 zote? Na huyo dereva bado unaye?

Mama Sangara wa Igombe
Ninaye. Ni mtoto wa dada yangu, na hakuna aliyewahi kumfundisha.

Nyakahoja
Pole mama. Mimi hufunika betri kwa gunia usiku, haijawahi kunigomea.

Binti Kamanga
Kaka yangu anaweka jiko la mkaa chini ya injini dakika kumi.

Fundi Nyakato
Jiko? Betri ya asidi inatoa gesi inayolipuka, na juu yake kuna mafuta! Mwambie leo hii aache. Gunia sawa, ila liondolewe kabla ya kuwasha, na lisizibe njia ya hewa ya betri kubwa. Chujio la feni yake lisafishwe pia, vumbi la dagaa linaziba kabisa.

Msukuma Ughaibuni
Mimi mtoto wa Pasiansi, niko Winnipeg, Kanada. Naendesha F-150 ya haibridi kazini, betri yake ni lithiamu ya kilowati-saa 1.5. Baridi ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri injini haijizimi kwenye taa za barabarani kama kawaida ya haibridi, maana kompyuta haitaki kuichaji lithiamu ikiwa imeganda. Usiku tunachomeka waya wa umeme kupasha injini. Lakini betri ndogo ndiyo inayotuangusha hata huku.

Nyakahoja
Kumbe. Fundi, ya kwangu nikuletee Jumamosi?

Fundi Nyakato
Njoo asubuhi, gari likiwa halijawashwa. Ikisoma 12.6 imejaa.

Mzigo wa Mwaloni
Wabeja sana wadau. Yule kijana nimempata kwenye simu, amelala Shinyanga. Kapima asubuhi hii kabla ya kuwasha: 12.1. Yuko dukani anatafuta betri.