Gumzo la Ukoo: Kwa Nini Watu Wamejazana Magharibi ya Kisiwa?

Saada: Assalam alaykum. Shikamooni wakubwa. Mwalimu wetu wa jiografia ametutaka tueleze kwa nini watu hawakuenea sawasawa duniani, tukianzia hapa kwetu kisiwani Unguja, Zanzibar. Katika sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu wapatao 893,000, ilhali Kusini Unguja, mkoa mkubwa zaidi kwa eneo, haukufikia 200,000. Sababu ni nini hasa?

Ami Khamis: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Anza na ardhi. Magharibi na katikati kuna kinongo, udongo mzito wenye rutuba unaostawisha minazi na mikarafuu, na mabondeni kuna kinamo, udongo wa mfinyanzi unaofaa mpunga; ukielekea mashariki unakuta uwanda na maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, ambako udongo umo ndani ya vishimo vya mawe tu na mvua ikinyesha maji huzama papo hapo. Nimelima kijijini Muyuni, kusini mwa kisiwa, kwa mtaimbo, kila mbegu nikiitafutia tundu lake, na baada ya misimu michache konde huachwa liote kichaka. Ardhi ya namna hiyo hailishi mji.

Shangazi Zuwena: Ndiyo maana vijiji vya mashariki kama Jambiani na Bwejuu vimejipanga pwani, kwa kuwa riziki yao ilitoka baharini.

Rashid (Cairo): Huku Misri mambo ni wazi zaidi. Kiasi cha asilimia 95 ya watu wanaishi katika bonde la Nile na delta yake, na sehemu kubwa iliyobaki ni jangwa. Mashamba hukoma ghafla, hata mtu anaweza kuweka mguu mmoja kwenye majani mabichi na wa pili kwenye mchanga mkavu.

Ami Khamis: Mwinuko nao una neno lake. Addis Ababa iko kiasi cha mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, na La Paz kule Bolivia kiasi cha mita 3,600, kwa sababu katika nchi za joto nyanda za juu huwapa watu hewa ya baridi na kuwapunguzia malaria. Kanada ni kinyume chake: baridi imewasukuma wengi kusini, karibu na mpaka wa Marekani.

Saada: Lakini Ami, kama ni udongo na mvua, Pemba ingeishinda Unguja. Mbona sensa imeonyesha watu wapatao 543,000 tu Pemba, na Unguja zaidi ya milioni 1.3?

Shangazi Zuwena: Hapo umembana! Udongo haukuujenga Mji Mkongwe, ile sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar, mwanangu. Bandari yake imeelekea magharibi, imejikinga na mawimbi ya bahari kuu. Pepo za kaskazi zikileta majahazi kutoka Uarabuni na India, na za kusi zikiyarudisha. Biashara ikavuta utawala, na utawala ukavuta watu. Hata maji ya kunywa yalifuata baadaye, pale Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoyaleta mjini kwa mabomba kutoka kwenye chemchemi.

Ami Khamis: Nakubali, ingawa ndani ya Pemba yenyewe ardhi bado ina kauli: nyumba ziko vilimani, mabonde yameachiwa mpunga.

Rashid (Cairo): Na Paje, kule pwani ya mashariki, je? Maweni yaliyomshinda mkulima sasa yanagombewa na wenye hoteli.

Saada: Hilo nitaliandika. Ami, konde la Muyuni bado lipo? Nahitaji picha ya yale mawe.

Ami Khamis: Lipo, lakini limeshaota kichaka. Mwambie kaka yako akupeleke Jumamosi, na msisahau panga.