Naomba ushauri: minyoo wenye manyoya wamemla chaza wangu, niwaue kwa dawa gani?

Kioo cha Chumvi (Ijumaa, saa 3:12 usiku)
Wakuu, heshima kwenu. Nimekuwa msomaji tu hapa kwa muda mrefu, lakini leo nimefikishwa pabaya. Nina tangi la maji chumvi la lita 240 sebuleni kwangu, Tabata. Ndani yake kuna mawe ya bahari yapata kilo 30 niliyoyanunua kwa mtu, matumbawe laini ya aina nne, samaki wanne, na chaza mmoja wa wale wakubwa wenye ukingo wa buluu, urefu wake kama kiganja changu. Leo alfajiri niliamka kuswali, nikawasha taa ya tangi, nikamkuta chaza amefunuka magamba yote mawili kama kitabu kilichoachwa wazi, na juu ya nyama yake wamejazana minyoo wa rangi ya waridi iliyoingia ukahawia, wenye vishungi vya manyoya meupe kila pingili, pande zote mbili. Nilihesabu 17 kisha nikaacha kuhesabu. Swali langu ni moja tu: ni dawa gani itakayowaua wote kwa mara moja bila kuwagusa samaki? Tafadhali msiniambie niwatoe mmoja mmoja kwa mkono, kwa sababu nimejaribu, na kidole changu cha shahada kinawaka moto hadi sasa.

Kijiweni Daima (saa 3:20 usiku)
Mkuu, nilipoliona neno minyoo nikaanza kuandika jina la vile vidonge tulivyokuwa tukigawiwa shule ya msingi, tukavitafuna foleni nzima mwalimu akitukagua midomo. Kisha nikaendelea kusoma, nikagundua kwamba mgonjwa mwenyewe ni jiwe.

Nahodha Mstaafu (saa 3:41 usiku)
Mwanangu, pole na kidole. Hao nawafahamu tangu nikiwa kijana Kilwa, tulipokuwa tukigeuza mawe wakati wa maji kupwa kutafuta pweza. Ukimshika bila kumwona unadhani umeshika upupu. Manyoya yake yanakatikia ndani ya ngozi, na kadiri unavyosugua ndivyo yanavyozidi kuzama. Mwaka mmoja nilimkalia, naam, nilimkalia, kwenye ngalawa, kwa sababu mwenzangu alimweka kwenye ubao kama chambo bila kusema. Siku tatu nilikula nimesimama. Usisugue. Bandika plasta, ing'oe kwa mkupuo, bandika nyingine, halafu paka siki. Mkono ukivimba, nenda kituo cha afya. Kuhusu chaza sina la kusema, kwa sababu sisi chaza tulikuwa tunamla wenyewe kabla minyoo hawajafika.

Mama Wawili (saa 4:02 usiku)
Samahani kwa kutoka nje ya swali, ila mimi huwa nashangaa. Mtu anamtoa kiumbe baharini, alikokuwa ameishi bila kumuudhi yeyote, anamweka sebuleni ili wageni wamtazame, na akifa kiumbe huyo anatafutwa wa kumlaumu. Kwangu mimi mnyoo hajakosa chochote.

Fundi wa Nyali (saa 4:30 usiku)
Ndugu Kioo, salamu kutoka Mombasa. Nilifanya kazi miaka sita kwa msafirishaji wa samaki wa mapambo, na kila shehena ya mawe tuliyoipokea ilikuja na hao wageni. Kwa maelezo yako, unao minyoo wa kawaida wa kula mabaki. Hukaa ndani ya vitundu vya mawe na chini ya mchanga, hutoka usiku, hula chakula kilichowapita samaki, kinyesi na mizoga. Mahali ambapo mkono wako na bomba lako la kusafishia haviwezi kufika, wao wanafika. Tangi lililo nao kwa kiasi kwa kawaida huwa safi kuliko lisilo nao, na wakizidi kupita kiasi, mara nyingi ni kwa sababu mwenye tangi anamwaga chakula kingi.

Chaza mzima ana msuli wa kufunga magamba. Akiona hata kivuli cha mkono anajifunga. Huyo wako hakufunuka kwa sababu ya minyoo. Minyoo walikuja kwa sababu alikuwa amekwisha kufunuka. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia dawa, nijibu haya: Je, siku mbili tatu kabla ya hapo chaza alikuwa anafungua nyama yake vizuri mchana? Amonia, ile sumu ya kinyesi na mizoga majini, umeipima? Umeme ulikatika? Na je, kuna kitu chochote ulichokiweka majini ndani ya wiki mbili hizi?

Kioo cha Chumvi (saa 4:52 usiku)
Asante Fundi. Umeme ulikatika Jumanne usiku kwa saa sita hivi, lakini nina pampu ndogo ya hewa ya betri. Amonia sijapima kwa sababu kipimo changu kimeisha. Chaza alikuwa amejikunja kidogo, nikadhani ni mambo ya mwanga. Hakuna kitu cha ajabu nilichokiweka. Tafadhali turudi kwenye swali, maana minyoo wanaongezeka. Hata sasa hivi taa zikiwa zimewaka naona kama kumi wamepanda juu ya kioo, wengine wananing'inia karibu kabisa na uso wa maji.

Fundi wa Nyali (saa 4:58 usiku)
Wamepanda juu ya kioo, taa zikiwa zimewaka? Ndugu yangu, mnyoo huyu huchukia mwanga. Akitoka pangoni mwake katikati ya mwanga kwenda juu, ujue huko alikotoka hakukaliki. Umeandika kwamba hukuweka "kitu cha ajabu". Basi niambie kile kisicho cha ajabu.

Kioo cha Chumvi (saa 5:31 usiku)
Sawa. Samaki wangu wawili walikuwa na madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini, wanajikuna kwenye mawe. Muuzaji aliniuzia chupa ya dawa ya shaba. Niliweka Jumatatu, nikaweka tena Jumatano, lakini naomba ieleweke kwamba niliweka nusu ya kipimo kilichoandikwa, kwa makusudi, ili matumbawe yasidhurike. Samaki wamepona au wanaelekea kupona. Wale wawili thamani yao inazidi vitu vingine vyote tangini, na nadhani mtu yeyote mwenye akili angeanza na kilicho ghali. Bado nina nusu chupa. Kwa kweli nilipoandika uzi huu nilikuwa nafikiria kukamilisha kipimo, kwa sababu nimesoma mahali kwamba shaba huua na minyoo pia. Nilitaka tu mtu mwenye uzoefu anithibitishie.

Kijiweni Daima (saa 5:33 usiku)
Kumbe marehemu anajulikana, muuaji anajulikana, na aliyeripoti polisi ndiye aliyeshika kisu.

Fundi wa Nyali (saa 6:10 usiku)
Usiweke hata tone moja zaidi. Nitaeleza taratibu, kwa sababu kosa hili nililifanya mwenyewe miaka ya mwanzo, nikaua kapu zima la kamba wa mapambo wa tajiri yangu.

Shaba ni dawa halali ya madoa meupe, lakini inafanya kazi kwa sababu ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo, na kimelea cha madoa hayo hufa kabla ya samaki. Tofauti kati ya kipimo kinachomuua kimelea na kile kinachomuua samaki ni ndogo, ndiyo maana hupimwa kwa sehemu za miligramu kwa lita. Chaza, kamba, kaa, konokono, matumbawe na minyoo hawana nafasi hiyo kabisa. Nusu ya kipimo haikuwanusuru. Imewachelewesha tu, na kwa kimelea penyewe yaelekea haikutosha. Madoa kupotea si kupona. Kimelea hushuka kwenye mchanga kujizidisha, kisha hurudi.

Kwa hiyo chaza aliugua tangu Jumatatu, ndiyo kule kujikunja, akafa kati ya Alhamisi usiku na alfajiri, na minyoo wakaja kufanya kazi yao ya kila siku. Nao sasa wanakimbia shaba. Ukiwaua wote leo, mamia wengine usiowaona watakufa ndani ya mawe, wataoza humo, amonia itapanda, na hao samaki wako wa thamani ndio watakaofuata.

Usiku huu mtoe chaza, magamba na nyama, kwa koleo la plastiki na glavu nene. Wahamishie samaki kwenye beseni au tangi tupu lisilo na mawe wala mchanga, na dawa itumike humo humo, kwa kipimo kamili na kwa kupima kila siku. Tangi kubwa likae bila samaki kwa wiki sita au zaidi. Weka mkaa wa kuchujia maji, badilisha theluthi moja ya maji, kisha rudia. Mawe na mchanga wa chokaa hunyonya shaba na huweza kuiachia polepole baadaye, kwa hiyo usinunue chaza mwingine kabla kipimo cha shaba hakijasoma sifuri kwa muda mrefu.

Mwalimu wa Zamu (Jumamosi, saa 1:15 asubuhi)
Niongeze jambo moja, kwa sababu naona hofu nyingi hutoka kwenye picha za mitandaoni. Yupo mnyoo wa moto anayekula matumbawe hai, ambaye jina lake la kisayansi ni Hermodice carunculata, lakini makazi yake ni Bahari ya Atlantiki, Karibi na Mediterania. Kwetu Bahari ya Hindi anayeonekana sana chini ya mawe ni Eurythoe complanata, mla mizoga na mabaki. Wote wawili walielezwa na Peter Simon Pallas mwaka 1766, na wote wawili huwasha, ndiyo maana watu huwachanganya. Manyoya yao ni matupu ndani, yametengenezwa kwa kalisi, na hukatika kama kioo chembamba. Pia msimkate kwa mkasi mkidhani mmemuua: Eurythoe huzaana hata kwa kukatika vipande, na kila kipande huweza kuotesha kichwa na mkia.

Shahidi wa Pili (saa 2:40 asubuhi)
Wakuu, mmekesha bure. Someni tena kwa utulivu. Mtu anasema hana kipimo cha amonia kwa kuwa kimeisha, lakini ana pampu ya betri, matumbawe aina nne na chaza wa buluu. Anasema minyoo wako juu ya kioo muda huu, lakini hajaweka hata picha moja. Tena jana usiku huo huo, katika uzi wa mambo ya uvuvi, ameandika kwamba mawe yake "aliyapakia mwenyewe upande wa Mbudya, maji yakiwa kiunoni", ilhali hapa anasema aliyanunua kwa mtu. Nadhani kuna mtu anafanya mazoezi ya kutunga hadithi, na sisi ndio wahariri wake.

Mama Wawili (saa 2:55 asubuhi)
Nilihisi. Kuswali, taa, chaza kama kitabu. Imepangwa mno.

Kioo cha Chumvi (saa 3:30 asubuhi)
Sijatunga. Picha imegoma kupanda kwa sababu ya mtandao, na kidole chenyewe hiki nachapa kwa kingine. Ukitaka ushahidi: usiku, saa saba, nimemtoa chaza kwa mwiko wa ugali, na nyama ilikuwa imeachana na gamba kwa ute wa kijivu, na harufu ilimfanya mke wangu afungue madirisha yote na kuuliza kama ndani kuna panya aliyekufa. Chini ya gamba walikuwamo minyoo wengine watano, wawili wakiwa wamelegea kama uzi uliolowa, hawajikunji hata nikiwagusa na ncha ya mwiko. Hadithi gani ina mwiko wa ugali?

Kuhusu mawe, nimeandika vyote viwili na vyote vina ukweli. Nusu niliyanunua, nusu niliyachukua. Sikuona haja ya kulieleza hilo hapa kwa sababu swali lilikuwa la minyoo.

Shahidi wa Pili (saa 3:38 asubuhi)
Basi naufuta uzushi, nabakiza shtaka. Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, na iko Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29 ya mwaka 1994. Mawe ya matumbawe na chaza wakubwa wamo pia katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Kiambatisho cha Pili. Hapo hujapakia mawe, umepakia kesi.

Kioo cha Chumvi (saa 3:50 asubuhi)
Ilikuwa mawe sita tu, yaliyokwisha kuvunjika, yamelala mchangani. Kila mtu anachukua.

Fundi wa Nyali (saa 4:05 asubuhi)
Usitetee hilo ndugu yangu, liache lilivyo. Na usiyarudishe baharini sasa yakiwa na shaba na kimelea ndani yake, maana utakuwa umeongeza kosa juu ya kosa. Ulize ofisi ya hifadhi ufanye nini. Samaki wameshahamishwa?

Kioo cha Chumvi (saa 4:20 asubuhi)
Wamehamishwa saa nane usiku, wako kwenye beseni la kufulia la lita 60 na pampu ya hewa. Mmoja madoa yamerudi, mapezini. Chupa ya shaba nimeikabidhi kwa mke wangu aifungie. Minyoo waliokufa nimekusanya 31, na chini ya jiwe kubwa la nyuma nilimwona mmoja mzima, mnene, akivuta kipande cha nyama ya chaza kuingia nacho shimoni. Leo jioni naenda kuchota maji mapya Kunduchi.

Nahodha Mstaafu (saa 4:33 asubuhi)
Hao 31 ungeniletea wawe chambo, samaki changu wangewapenda. Halafu nikakumbuka shaba. Tupa. Maji chota yakiwa yamejaa, si yakianza kutoka, na uende mbali na mdomo wa mto.

Kioo cha Chumvi (saa 4:41 asubuhi)
Asante mzee. Madumu niliyonayo manne yalikuwa ya mafuta ya kula. Nikiyaosha kwa maji moto na sabuni yatafaa?

Fundi wa Nyali (saa 4:42 asubuhi)
Hapana. Nunua mapya.