Nyumba: nilipe keshi nimalize, au nichukue mkopo wa benki?

Mgeni wa Tofali
Wakuu habari za muda huu. Mimi na mke wangu tumedunduliza miaka kumi na moja, sasa nyumba tumeipata na hela ya kuilipa kwa mkupuo ipo. Shida ni kwamba tukilipa, inabaki ya kula miezi miwili tu. Benki wako tayari kunikopesha asilimia 70 ya bei, riba asilimia 12 kwa mwaka, miaka 20. Mke wangu hataki hata kulisikia neno deni. Kaka yangu anasema nikilipa keshi nitakuwa nimezika hela ukutani. Usingizi umenipaa. Wenye uzoefu nishikeni mkono.

Mzee wa Kikokotoo
Mkuu, tupige hesabu kwanza. Kwa masharti hayo, kila 100 unayokopa unarudisha kama 264. Kinachouma zaidi ni mpangilio wake. Rejesho la mwezi wa kwanza ni 1.10 hivi kwa kila 100, na humo 1.00 yote ni riba, kile kisenti kinachobaki ndicho kinapunguza deni. Ukilipa miaka mitano bila kuruka mwezi, umeshatoa 66 na bado unadaiwa karibu 92. Nilipoona taarifa yangu ya kwanza ya mkopo nilidhani karani kakosea. Nikaikokotoa tena usiku. Hakukosea.
Ukifupisha hadi miaka 10, rejesho linapanda kuwa 1.43, ila jumla inashuka hadi 172. Ni ile miaka ndiyo inayokutafuna.

Chapakazi
Lipa keshi, hamia, lala. Kaka yako muulize ni biashara gani hiyo inayolipa zaidi ya asilimia 12 kila mwaka, miaka 20 mfululizo, na yeye mwenyewe kaweka ngapi humo 😂

Mama Wawili
Chapakazi usicheke sana. Mimi nililipa keshi mpaka senti ya mwisho. Mwezi wa tatu pampu ya maji ikaungua, wiki hiyohiyo mume wangu akalazwa. Hati iko kabatini kwa jina langu, na mimi nimekaa kwa mkopeshaji wa mitaani nasaini mkopo wa miezi sita kwa riba ya kunyonga. Ukuta humegi kipande ukapeleka hospitali. Kununua sijuti, najuta kumaliza hela yote.

Msoma Hati
Hakuna aliyegusa hili. Benki kabla ya kutoa hela inatuma mthamini na mwanasheria, maana nyumba ndiyo dhamana yao. Hawafanyi hivyo kwa kukupenda, lakini unafaidika. Ukilipa keshi, kazi hiyo ni yako: hakiki hati kwenye masijala ya ardhi, uliza kama ina rehani au kesi, lipia mwanasheria wako na si yule aliyeletwa na dalali. Ukishajiridhisha, omba punguzo. Muuzaji mwenye haraka akiona mnunuzi hasubiri benki, mara nyingi anashuka.

Mgeni wa Tofali
Mama Wawili umenigusa, pole sana dada. Mzee, je nikilipa sehemu kubwa, nikakopa robo tu?

Mzee wa Kikokotoo
Hapo ndipo ningesimama mimi. Robo kwa miaka 7, kila 100 inarudi 148 hivi. Hela unayobakiza usiiite mtaji, iite akiba ya dharura, na usimwonyeshe kaka.
Benki waulize haya kabla ya kalamu kugusa karatasi. Riba inapigwa kwenye salio linalopungua, au kwenye mkopo wote mpaka mwisho? Asilimia 12 hiyohiyo kwa njia ya pili ni ghali mno. Inaweza kupanda katikati? Nikilipa mapema nina faini? Bima na ada za mwanzo ni kiasi gani? Wakijibu kwa mdomo, omba kifungu kwenye mkataba.

Chapakazi
Haya, robo naiunga mkono. Shingo upande.

Mgeni wa Tofali
Mke wangu kasoma uzi wote, mpaka pampu. Amesema robo atavumilia, ila miaka mitano, siyo saba. Nimepiga hesabu, rejesho linabanabana lakini linalipika. Jumatatu naingia benki na maswali ya Mzee nimeyaandika kwenye karatasi. Nikitoka naleta jibu la ile faini.