Titan na Tithoni kwenye mjusi wa Tendaguru: ni jina moja?

bango_lindi: Habari wadau. Naandaa bango la wanafunzi hapa Lindi kuhusu mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyefukuliwa huku kwetu. Mnyama anaitwa Giraffatitan, umri wa miamba umeandikwa "Tithoni". Ni neno moja? Na kwa kuwa ni titan, nimweke kundi la dinosaria liitwalo Titanosauria?

jiwe_la_pwani: Usiyachanganye. Katika hadithi za Kigiriki, Matitan ni kizazi cha miungu waliotawala kabla ya Zeus. Tithonus ni binadamu, mwana wa mfalme wa Troy, aliyependwa na Eos, mungu wa alfajiri. Eos alimwombea asife, akasahau kuomba asizeeke. Jamaa akanyauka mpaka, kwa masimulizi mengine, akageuka nyenje. Mwanajiolojia Albert Oppel alilichukua jina hilo 1865 kwa sababu ya ile alfajiri: Tithoni ndiyo ngwe (kipande cha wakati) ya mwisho ya Jurasiki, imelala ubavuni mwa mapambazuko ya Kretasia, kipindi kilichofuata. Ngwe nyingine za Jurasiki zina majina ya mahali (Kimmeridge ni kijiji cha Uingereza), kwa hiyo mwanafunzi atakayeitafuta Tithoni kwenye ramani atahangaika bure. Halafu matabaka ya Tendaguru yanaanzia kabla yake. Kama hujui mfupa ulitoka tabaka gani, andika "Kimmeridge hadi Tithoni, takribani miaka milioni 150".

mkia_mrefu: Titanosauria hapana! Jina halileti undugu. Huyu ni wa familia ya Brachiosauridae. Mtafiti Janensch alimwita Brachiosaurus brancai 1914; mtafiti Paul akaleta Giraffatitan 1988, yaani titan-twiga, kama jenasi ndogo tu (jenasi ni kundi la spishi za karibu, ndilo neno la kwanza la jina). Mwaka 2009 mtafiti Taylor aliilinganisha mifupa na ya Brachiosaurus wa Marekani, akakuta tofauti za kutosha kumpa jenasi yake. Andika *Giraffatitan brancai*: G kubwa, b ndogo, herufi za mlalo; ukiandika kwa mkono, piga mstari chini.

Jina la hadithi lina hatari nyingine: kila mtu analitaka. Mtafiti Fraas aliita mijusi ya Tendaguru Gigantosaurus 1908, kutokana na majitu ya hadithi za Kigiriki, kumbe jina lilishatumika Uingereza tangu 1869. Kanuni za majina ya kisayansi hazikubali jenasi mbili za wanyama ziitwe sawa, likang'oka. Mmoja akawa Tornieria 1911, mwingine Janenschia 1991.

jiwe_la_pwani: Na 2019 mkia uliohesabiwa kuwa wa Janenschia ukapewa jina lake: Wamweracaudia, mkia wa Wamwera, watu wa huko Lindi. Hilo liweke juu kabisa.

bango_lindi: Asanteni sana. Na mkia wenyewe uko wapi?

mkia_mrefu: Berlin.