Mjadala: Fedha za umma za filamu Ireland, ziwe na masharti ya nani aonekane na nani aajiriwe?

Binti wa Likoni (mleta mada)

Wakuu, nawasalimu mlioko Ireland na mnaofuatilia mkiwa mbali. Hili tulijadili bila kuoneana haya.

Kila nyumba yenye runinga hapa inadaiwa ada ya yuro 160 kwa mwaka, na sehemu kubwa inakwenda RTÉ, shirika la utangazaji la umma. Filamu nazo zina Screen Ireland, wakala wa serikali, halafu kuna ile nafuu ya kodi inayoitwa Section 481: mtayarishaji kwa kawaida anarudishiwa hadi asilimia 32 ya matumizi yanayokubalika, na tangu 2024 matumizi hayo yanaweza kufika yuro milioni 125 kwa filamu moja. Hela zetu sote hizo. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa mkazi mmoja kati ya watano amezaliwa nje ya Ireland. Kwenye skrini huyo mmoja yuko wapi?

Wanawake walishaipigania hii. Mwaka 2015 jumba la maonyesho la Abbey lilitangaza tamthilia kumi za kuadhimisha miaka mia ya mapambano ya uhuru ya 1916, na moja tu ndiyo iliyoandikwa na mwanamke. Wanawake wakaja juu, wakaujaza ukumbi pale pale Abbey, na kabla ya mwaka kwisha bodi ya filamu, ambayo ndiyo Screen Ireland ya leo, ikatangaza mpango wa kugawa nafasi nusu kwa nusu kati ya wanawake na wanaume ndani ya miaka mitatu. Hawakuambiwa wasubiri vipaji vijitokeze vyenyewe.

Kwa nini kusiwe na mpango kama huo, tena wenye meno, kwa watu weusi, kwa Travellers (Waairishi wa jamii ya kuhamahama), kwa walemavu? Wanangu wamezaliwa Dublin 15. Wakiwasha runinga, mtu wa rangi yao ni mkimbizi, muuza unga, au mlinzi wa mlangoni. Nimechoka na walinzi.

Zamu ya Usiku

Dada, nimekusoma vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Umechoka na walinzi? Mimi ni mlinzi, mwenyeji wa Mwanza, na kwa kazi hii nimesomesha wadogo zangu. Unatuweka kapu moja na wauza unga kwa kosa gani?

Binti wa Likoni

Kaka, sikusema ulinzi ni kazi mbaya. Nimesema si kazi yetu pekee.

Zamu ya Usiku

Umesema umechoka nao. Maandishi yako yapo hapo juu, kila mtu anayaona.

Mzee wa Limerick

Mimi napinga hoja, na niko nchi hii muda mrefu kuliko wengi wenu. Sanaa haipimwi kwa rula. Ruth Negga ametoka Limerick hapa kwetu, hakubebwa na mpango wa mtu, akafika kwenye orodha ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2017. Zainab Boladale, binti wa asili ya Nigeria aliyekulia Clare, alianza kusoma habari za watoto RTÉ mwaka huo huo. Demi Isaac Oviawe amezaliwa Nigeria, akakulia Mallow, na tamthilia ya runinga ya The Young Offenders imemfanya ajulikane nchi nzima. Milango inafunguka. Mkianza kuhesabu vichwa, kesho mtoto wako akipata nafasi wataambiana kapewa kwa sababu ya ngozi. Hilo ndilo mnalotaka?

Tena sisi ni wageni wa juzi. Mgeni hahesabu vyumba vya mwenyeji.

Mwalimu Nakuru

Mzee wangu, shikamoo, lakini Ruth Negga alizaliwa Addis Ababa. Limerick alipelekwa akiwa mdogo.

Mama Tallaght

Mwalimu, hiyo Addis Ababa imeingiaje? Mtoto amelelewa Limerick, mama yake Mwairishi, bado sisi wenyewe ndio wa kwanza kumrudisha Uhabeshi. Colin Farrell, yule mwigizaji mzungu wa Dublin, akizaliwa Nairobi ungemwita Mkikuyu? Tunawalaumu wazungu kwa swali la "asili yako wapi" na tunaliuliza sisi.

Mwalimu Nakuru

Nimerekebisha tu mahali alipozaliwa, mama. Sikumnyang'anya uraia.

Mama Tallaght

Uraia unanyang'anywa hivyo hivyo, kidogo kidogo. Mwaka 2004 walipiga kura hapa, asilimia 79 wakakubali kwamba mtoto kuzaliwa Ireland peke yake hakutoshi. Na wewe Mzee, hiyo ya "wageni wa juzi" ndiyo iliyoniuma zaidi. Christine Buckley alikuwa mgeni wa lini? Baba yake Mnigeria aliyekuja kusoma udaktari, yeye akazaliwa miaka ya arobaini na kulelewa na masista kwenye kituo cha watoto cha Goldenbridge, akapata mateso ambayo nchi nzima iliyasikia RTÉ ilipoonyesha filamu ya maisha yake, Dear Daughter, mwaka 1996. Watu walilia sebuleni. Mwanamke mweusi wa Dublin ndiye aliyewafungulia mdomo maelfu ya Waairishi weupe walioteswa kwenye taasisi zile. Leo mnaniambia tusubiri kwanza tuzoeleke.

Mwana wa Bukavu

Naomba nirudi kwa mlinzi, maana filamu yake ipo. Inaitwa The Front Line, ya 2006, mwongozaji David Gleeson. Mhusika mkuu ni Mkongo, mkimbizi, analinda benki Dublin. Majambazi wanaiteka familia yake ili awafungulie. Filamu nzima inamfuata yeye: hofu yake, siri alizokuja nazo kutoka vitani, akili yake. Mlinzi si kitu cha kupambia mlango pale. Kwa hiyo dada wa Likoni, shida si kazi aliyopewa mhusika. Shida ni kama kamera inabaki naye akishamfungulia mzungu mlango.

Kinachonikera mimi ni kingine. Mkongo huyo aliigizwa na Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye asili ya Kamerun. Ni fundi, simkatai. Lakini sisi wa Bukavu, Uvira na Goma tupo, tunaongea, tunaimba kanisani kila Jumapili. Hakuna hata mmoja?

Mzee wa Limerick

Umeona sasa? Mweusi hatoshi, lazima awe Mkongo. Mkongo hatatosha, atakuwa wa Bukavu. Mtafika mtaa kwa mtaa.

Mwana wa Bukavu

Mzee, Mwairishi akiigizwa na mtu wa nje mwenye lafudhi mbovu, magazeti ya Dublin yanacheka wiki nzima. Filamu ya Wild Mountain Thyme mwaka 2020 ilizomewa kwa lafudhi kabla hata haijatoka. Wao wanajua kabisa Kerry si Cork. Sisi tukitaka Kongo isiwe Kamerun, tunaitwa wasumbufu.

Jirani wa Finglas

Mimi nimeolewa na Mwairishi, naomba nisemee waliosahaulika humu ndani. Travellers ni Waairishi kwa karne nyingi, sensa ya 2022 iliwahesabu karibu elfu 33, na serikali iliwatambua kama kabila tarehe 1 Machi 2017 tu. Kwenye filamu wanafaa kwa wizi wa farasi na ngumi za barabarani. John Connors, Traveller mwenyewe, alijulikana kupitia tamthilia ya runinga ya Love/Hate, akashiriki kuandika filamu ya Cardboard Gangsters na kuiigiza, akachukua tuzo ya IFTA, tuzo za filamu za Ireland, ya mwigizaji bora 2018. Jukwaani akaeleza jinsi alivyokaribia kujiua kabla uigizaji haujamwokoa, na jinsi watu wake wanavyofungiwa nje. Hakuna anayeweza kumwambia yeye ni mgeni wa juzi, na bado mlango ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo hii si habari ya kuzoeleka. Ninyi mnagombania Addis na Bukavu, yule aliyezaliwa hapa na babu wa babu yake hana anayemtetea.

Mwalimu Nakuru

Walemavu pia. Filamu ya Sanctuary ya 2016 iliigizwa na wasanii wa kikundi cha maigizo cha Blue Teapot cha Galway, wenye ulemavu wa akili wenyewe, ikionyesha wapenzi wawili wanaotafuta chumba cha kuwa pamoja. Kifungu cha sheria ya 1993 kilifanya tendo la ndoa na mtu mwenye ulemavu huo kuwa kosa kama hawajaoana, na kikafutwa 2017. Wangeigizwa na watu wazima wa afya, nani angeamini?

Twende Kilioni

Niseme la jikoni kwa sababu nimekuwa ekstra, yaani mwigizaji wa kujaza umati, kule milima ya Wicklow. Kampuni siitaji. Tuliitwa alfajiri, giza totoro, tukapangwa foleni ya vipodozi hemani. Dada wa vipodozi alinitazama, akafungua sanduku, akalifunga. Rangi zote zilikuwa za ngozi ya maziwa. Akachanganya ya kahawia kidogo na ya macho, nikatoka kijivu kama nimemwagiwa majivu. Kwenye nywele ikawa balaa zaidi: nilikuwa nimesuka twende kilioni, mwenzake akauliza kama zinafumuka haraka. Nikajipaka mwenyewe na kopo langu la kwenye mkoba. Siku iliyofuata wasichana wote weusi walikuja kwangu, nikawa fundi wa vipodozi kwa malipo ya ekstra.

Hivyo mnapobishana nani aonekane, muulize pia nani anashika brashi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hemani pale. Hapakuwa na mtu mmoja aliyewahi kupaka ngozi yetu, na hakuna aliyeona ni lazima amtafute.

Zamu ya Usiku

Hapo umegusa ninachokijua, dada. Kazi yangu ya sasa ni kulinda malori ya taa na kamera usiku, filamu ikipigwa nje. Nikikabidhi zamu alfajiri ndio wanaingia. Fundi umeme na mwanawe. Dereva na mpwa wake. Seremala na shemeji. Nawajua kwa majina, wananiletea chai, watu wazuri kabisa. Mkataba ujao wanapigiana simu usiku kabla tangazo halijatoka, kama litatoka. Kijana wangu amesoma ufundi umeme, cheti anacho, na mimi geti ninalo lakini namba ya simu ya kumpigia sina. Hiyo nafuu ya asilimia 32 inalipa mishahara ya hapo, si ya waigizaji peke yao. Masharti yangeanzia kwa wanafunzi wa kazi: kila filamu inayodai nafuu ionyeshe imemfundisha nani, kutoka nyumba isiyo na ndugu ndani.

Na bado dada wa Likoni hajaniomba radhi.

Binti wa Likoni

Kaka, hoja yako ni nzito kuliko yangu, na ningeipata mapema kama usingeanza na ugomvi.

Mzee wa Limerick

La wanafunzi wa kazi sina ubishi nalo. Ufundi unafundishika. Mimi nakataa asilimia kwenye hadithi. Mwandishi wa Donegal asilazimishwe kumchomeka Msomali kijijini ili apate hela.

Mama Tallaght

Donegal ina madaktari Wasudani, Mzee. Nani kamchomeka nani?

Wacha niseme la mwanangu. Amezaliwa hospitali ya Coombe, anaongea Kidablini kuliko jirani zangu. Aliitwa kwenye usaili, nafasi ya kijana wa mtaani Dublin. Akasoma vizuri. Wakamwambia arudie, safari hii "kwa lafudhi ya Kiafrika". Mwanangu akauliza ya nchi gani. Wakatazamana. Akasema hana, akiongea hivyo atakuwa anamwigiza babu yake kwa dhihaka, hawezi. Nafasi wakampa kijana aliyeletwa kutoka London.

Mwana wa Bukavu

Alifanya vyema kukataa.

Twende Kilioni

Mimi ningefanya tu. Kodi ya nyumba haisubiri heshima. Ukishaingia ndani ndio unabadilisha.

Mama Tallaght

Umeingia ndani ukapaka wenzako bure, binti yangu. Ulibadilisha nini?

Twende Kilioni

Nilibadilisha sura za watu wanane siku ile, mama. Usinidharau.

Mzee wa Limerick

Mama, kwa la mwanao nimesikitika kweli. Lakini huyo wa London naye ni mweusi. Kwa asilimia zenu, wangekuwa wametimiza sharti.

Mama Tallaght

Ndiyo maana nataka sharti liandikwe na watu waliokalia vile viti vya usaili, si na wanaotazama picha ya mwisho. Mwanangu bado yuko Tallaght, ana namba ileile ya simu.